Shangazi na Mstari wa Paka

Shangazi yangu ni mwitikiaji. Waimbaji wanaimba, yeye anaitikia nyuma yao. Sauti yake imeingia kila nyumba, lakini hata muuza mkaa wake hajui kwamba ni yeye. Nampenda sana, ila kwa upole wake huo kuna siku natamani kumtikisa mabega.

Mtayarishaji wa muziki anayempa kazi aliangukiwa na bahati: nyota wa kike kutoka nchi ya mbali alikubali kuimba wimbo wa mapenzi na mwimbaji wetu. Tatizo, nyota hakujua neno hata moja la Kiswahili. Shangazi akaombwa aimbe sehemu ya mgeni kwenye simu, mgeni aikariri, kisha sauti ya Shangazi ifutwe.

"Mambo yakienda vizuri, safari hii jina lako litatajwa," mtayarishaji aliahidi.

Shangazi alijifanya hajali. Jioni nzima hakuwa na habari nyingine.

Alijirekodi jikoni. Sasa, ana mazoea yake: akiuanza wimbo haukatishi, hata nyumba iungue. Akiwa na la kusema, hulisema kwa tuni ileile, na kwa kawaida mtayarishaji huliondoa baadaye. Safari hii alikuwa na haraka, akatuma bila kusikiliza.

Kazi ya nyota iliporudi tulijazana studio. Aliimba mpaka mwili ukanisisimka. Kwenye ubeti wa pili akalalama, "Njoo karibu, moyo wangu u wazi," halafu kwa huba ileile, "Shuka mezani, mwizi we, hayo maziwa si yako."

Mwimbaji wetu alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Mtayarishaji alishika kichwa.

"Shangazi, umenimaliza!"

"Ni paka," Shangazi akasema.

Mtayarishaji alitaka kuukata mstari kimyakimya. Shangazi akakataa katakata.

"Mwenzangu kahangaika kuukariri. Mpigieni, mwambieni kosa ni langu. Na hilo jina basi, liacheni."

Aliposema hivyo nilimwonea huruma mpaka nikageukia ukuta. Kwa kuwa lugha ya mgeni naijua kidogo, nilisukumwa mbele ya simu nikaeleza yote, paka na maziwa yake. Nyota alijiziba mdomo kwenye kioo cha simu. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi, na alichosema nilikitafsiri hivi:

"Mimi nilidhani huo ndio mstari mtamu kuliko yote. Kwingine anaimba maneno ya watu. Pale anaongea na anayempenda."

"Nampenda wapi, jizi lile!" Shangazi akafoka. Hilo sikulitafsiri.

Nyota alikuwa na sharti moja. Mstari ubaki, ila yeye hataugusa. Shangazi auimbe mwenyewe, peke yake, na asiwepo mtu wa kumwitikia.

Siku wimbo ulipotoka nilimkuta Shangazi akikata vitunguu, redio iko dirishani. Mtangazaji alitaja majina matatu, la tatu la Shangazi. Mwanamke huyu huitikia kila kinachopigwa redioni, hata matangazo ya sabuni. Lakini mstari wake ulipofika aliweka kisu chini, akanyamaza, akasikiliza mpaka ukapita.

"Kumbe ndivyo ninavyosikika," akasema.