Kigari cha Wageni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sauti inamtangulia mwenyewe. "Breki! Breki, jamani! Breki!"

Walio kwenye mteremko kati ya jiko la shule na bwalo wanajua la kufanya: wanarukia mtaroni. Mwenye soksi nyeupe anaruka, mwenye vitabu anaruka, na mwalimu wa zamu naye anaruka, tai ameishika isilowe.

Kisha anapita mpishi wa miaka hamsini na miwili, visigino amevikita ardhini, mgongo ameuvuta nyuma kama anayeshindana kamba na punda. Mbele yake kuna toroli la gurudumu moja, lile la kubebea mchanga. Ndani yake mna sufuria ya chai, lita sitini, inafuka mvuke. Toroli halina breki. Breki ni yeye, na ndiyo maana shule nzima inamwita Mama Breki.

"Hili lililetwa na mafundi wa ukuta," anasema akifika chini, anahema. "Ukuta ukaisha, mafundi wakaenda zao, toroli likapandishwa cheo. Likawa mpishi."

Hana ugomvi na gurudumu moja. Kwa mchanga, anasema, hakuna kama hilo; linapenya popote, na mchanga ukimwagika unazolewa.

"Chai ikimwagika utazoa nini? Utazoa ngozi."

Hasemi mafumbo. Miezi miwili iliyopita mpishi mwenzake, ambaye pia ni wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa ameshika ubavu wa sufuria isiyumbe. Gurudumu likapanda kijiwe kisichozidi punje ya harage. Toroli likalala. Mguu wa wifi ukaungua kuanzia goti mpaka vidoleni.

Tukio hilo liliandikwa siku hiyohiyo katika daftari la stoo, kwa mwandiko wa kupendeza, mstari ukapigwa kwa rula: *Chai iliyomwagika, lita hamsini na tano. Sufuria, imebonyea kidogo.*

"Mguu je?" Mama Breki anauliza, na sasa macho hayacheki. "Nimefunua mbele, nimefunua nyuma. Mguu haumo. Wifi yangu angekuwa sufuria, angeandikwa."

Kinachomchoma zaidi kiko hatua ishirini tu kutoka jikoni, nyuma ya kufuli mbili. Ni kigari cha chuma, cheupe, cha magurudumu manne, chenye ukingo wa kuzuia sufuria isiteleze na breki ya kukanyaga. Wazazi walikinunua miaka miwili iliyopita kwa ajili ya mteremko huu huu. Kwa heshima zote, ndicho mtumishi pekee wa shule ambaye hajawahi kufanya kazi hata siku moja, na hajawahi kukosa katika picha. Wakija wakaguzi, kinavuliwa nailoni yake ya dukani, kinafutwa, kinawekewa chupa ya maua juu. Wakiondoka, kinavikwa nailoni, kinarudi kulala.

Mlezi wake ni mtunza stoo, maarufu kwa jina la Funguo. Ukutani kwake kuna cheti cha utunzaji bora wa mali.

"Mama, kitu kipya hakichezewi," alimjibu Mama Breki alipokiomba mara ya kwanza. Mara ya pili: "Kikichakaa je?" Mara ya tatu, wifi akiwa wodini: "Wageni wakija tutawaonyesha nini?"

"Waonyeshe mguu," Mama Breki alimwambia, akaondoka.

Leo ni siku ya wageni. Saa nne, wakaguzi watatu wamesimama nje ya jiko, na kigari kiko hapo, kinameremeta, maua juu. Mama Breki anatoka kuipeleka chai ya mapumziko. Anatazama toroli. Anatazama kigari. Anainua chupa ya maua kwa mikono miwili, kwa adabu kama ya mazikoni, anaiweka ndani ya toroli. Kisha yeye na mpishi wa zamu wanaibeba sufuria, nyeusi tii kwa masizi, tako lake bado lina moto wa jikoni, wanaitua juu ya kile cheupe.

"Mama Breki!" Funguo ananong'ona. "Nakuomba, mama. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nakufanyia nini, baba? Si ndiyo kazi yake?"

Mkaguzi mwenye miwani anageuka. "Kigari kizuri. Kinatumika?"

Funguo anawahi kujibu. "Sana, mheshimiwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Haya, mmemsikia wenyewe," Mama Breki anasema, anaanza kushuka.

Hapigi kelele. Penye kona kali anakanyaga breki kwa unyayo mmoja, na lita sitini zinasimama kimya, hata tone halimwagiki. Wanafunzi wawili wamesharukia mtaroni kwa mazoea. Wanabaki humo, maji kwenye viatu, wanashangaa wameruka nini.

Mchana, wageni wameondoka, Funguo anakuja na kitambaa na nailoni. Juu ya kigari anakuta duara jeusi, ukubwa wa tako la sufuria, limeungua kwenye rangi. Anasugua kwa sabuni. Anasugua kwa mchanga. Haliondoki.

"Umekiharibu!"

"Nimekizindua. Cha wageni huwa hakina masizi, baba. Hiki sasa ni cha jikoni. Kivishe nailoni tuone utamwonyesha nani."

"Naliandika hili kwenye daftari!"

"Andika. Na mguu uuandike humohumo, mstari wa juu. Rula nikuletee?"

Funguo anaikunja nailoni, mara mbili, mara nne, anaondoka nayo kwapani. Kigari kinabaki.

Jumatatu ijayo wifi wa Mama Breki atarudi kazini. Daktari amesema asibebe kitu kizito, naye Mama Breki ameshapanga: wifi atakaa upande wa breki. Lakini anataka kitu kimoja zaidi kabla ya hapo, na anakisema huku akikipakia kigari gunia la maharage, bila huruma.

"Nataka akikute kimebonyea, kimekwaruzika, na gurudumu moja linalia. Vyuma ndivyo vichakae. Sisi tumeshachakaa vya kutosha."