Jani la Tano

Sokoni wanamwita Mama Tango, na hajawahi kulikataa jina hilo, ingawa kwa umbo lake, anasema mwenyewe, lingemfaa zaidi Mama Boga. Ni mama wa miaka sitini, mwenye miguu mifupi na mdomo usiolala. Kwa miaka tisa yeye na mumewe walikuwa wakilima matango chotara katika banda la nailoni nyuma ya nyumba yao, banda ambalo mume alilijenga kwa mikono yake na kulipiga misumari mingi kuliko iliyohitajika, kwa sababu alikuwa mtu wa kutoamini upepo.

Tango chotara lina tabia za mtoto wa mwisho. Ukilidekeza linakufurahisha, ukilisahau siku mbili linanuna. Kila asubuhi, kabla nailoni haijapata joto, wawili hao waliingia bandani, yeye mstari wa kulia, mumewe wa kushoto. Waliuzungusha kila mche kwenye kamba yake iliyoning'inia kutoka juu, wakang'oa machipukizi ya ubavuni yangali madogo, wakatoa majani ya chini yaliyochoka. Maua ya tango hili karibu yote ni jike, na tunda linatoka kwenye shina kuu, jani kwa jani, kadiri linavyopanda. Kwa hiyo uhai wote uko kwenye kile kichwa kidogo cha kijani kule juu. Kila aliyekuja kujifunza, na hata aliyekuja kuomba chumvi tu, mume alimsimamisha mlangoni akamwambia kwamba ukikata kichwa umeua mche. Mama Tango alikuwa akimsindikiza kwa kuyatamka maneno hayo bila sauti nyuma ya mgongo wake, na wageni wakashindwa kujizuia kucheka.

Mume hakutumia mkasi. Aliufuga ukucha wa dole gumba la kulia, mrefu na mgumu, na kwa sababu ya utomvu wa majani ulikuwa na rangi ya kijani isiyotoka kwa sabuni. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba ukucha ule unatia aibu mezani. Mume alimjibu kwamba ukucha huo ndio unaoleta hiyo meza. "Mwenzangu," ndivyo alivyomwita siku zote, tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao. Alimzidi miaka tisa, na alipokuwa akimposa, yule binti alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, naye akakataa kuitikia. Alisema hawezi kuoa mtu anayemzeesha.

Kusahau kwa mume kulianza na mambo ya kuchekesha. Alivaa mashati mawili. Alifungia birika kabatini pamoja na mashuka. Kisha yakaja yasiyochekesha: akapotea kati ya mlango wa nyumba na mlango wa choo, akasimama uani kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Daktari aliongea na Mama Tango kwa sauti ya chini, na sauti ile peke yake ilitosha kumwambia yote. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuurudisha nyuma, alisema, ila mwache mzee afanye kazi alizozizoea.

Kazi aliyoizoea ilikuwa bandani. Na kweli, humo ndani mikono yake ilikumbuka kila kitu ambacho kichwa kilikuwa kimeacha. Alizungusha, akang'oa, akapapasa majani kutafuta inzi weupe, na ikifika saa nne mkewe alipoleta chai, alisema, "Ahsante, mwenzangu." Basi Mama Tango hakuomba kupona. Hakuwa mjinga. Aliomba banda tu, kwamba pabaki pahali pamoja duniani ambapo mume wake anamjua yeye ni nani.

Jumanne moja alirudi kutoka sokoni akakuta mstari wote wa kushoto umekatwa vichwa. Miche michanga arobaini, kila mmoja umebaki kisiki kifupi chini ya kamba ndefu isiyo na kazi. Vichwa vyenyewe vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya gunia. Alidhani ni mwizi, kisha akadhani ni jirani mwenye husuda, kisha akauona ukucha wa mumewe umelowa utomvu, na mwenyewe anatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi njema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimpigia kelele. Alimuuliza kama amekuwa mwendawazimu, neno ambalo hadi leo angelipa chochote alirudishe mdomoni.

Mume aliinuka taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Samahani, sikukuona ukiingia. Mke wangu ametoka kidogo."

Mama Tango alitazama nyuma yake kuona kama kuna mama mwingine. Hakukuwa na mtu. Lakini salamu ni salamu, akaitikia marahaba.

Mtoto wao aliyeko mbali alipopigiwa simu hakuzunguka. Alimwambia mama yake aweke kufuli, kwa sababu baba atammalizia shamba. Kufuli likawekwa. Siku tatu mzee alisimama nje ya mlango wa banda, kiganja juu ya nailoni, akingoja kama watu wangojavyo duka lifunguliwe. Chakula alikigusa tu. Siku tatu zile zilimpunguza kuliko miezi mitatu iliyotangulia, na mkewe aliliona hilo kila alipopita na ndoo, akapita haraka.

Siku ya nne aliingia peke yake kung'oa vile visiki. Aliking'oa cha kwanza kwa hasira, na cha pili pia. Kwenye cha tatu mkono wake ukasita. Alihesabu majani. Akarudi kwa vile alivyovitupa, akahesabu, kisha akapita mstari mzima mpaka mwisho. Kila mche ulikuwa umekatwa juu ya jani la tano. Hakuna uliokatwa kwenye la nne, hakuna wa la sita.

Aliigeuza ndoo akaikalia. Hivyo ndivyo yalivyokatwa matango ya zamani, yale ya kutambaa chini waliyoyalima nje walipooana, mbegu zake wakizitoa wenyewe kwenye tango lililoachwa likawa la njano. Shina lake kuu lilijaa maua dume yasiyo na faida, kwa hiyo ulilikata kichwa juu ya jani la tano, nalo likatoa mikono pembeni, na ile mikono ndiyo iliyozaa. Mume wake hakuwa akiharibu. Alikuwa akilima, tena kwa ustadi, ila alikuwa akilima miaka thelathini na minane nyuma. Na huko alikokuwa, mke wake ni binti wa miaka ishirini na miwili. Kibibi kikiingia kwa makelele bandani, angekiamkiaje kama si kwa shikamoo? Mama Tango alilia pale juu ya ndoo mpaka kanga ikalowa, na hakumlilia mume peke yake, alimlilia na yule binti pia.

Alipomaliza alinawa uso, akatoka kwenda kutafuta mbegu. Kama mume hawezi kurudi huku, alijiambia, basi yeye atampelekea matango huko huko. Muuza pembejeo alimcheka. Mbegu ile haina mtu anayeinunua siku hizi, alisema, akamsukumia pakiti tatu za chotara mpya. Ni muuza mchicha mmoja pale sokoni, anayelima kidogo kwa kula mwenyewe, aliyempa mbegu za zamani zimefungwa katika kipande cha gazeti. Mama Tango alichimba tuta nyuma ya jiko, akazika mbegu mbili mbili, akaanza kuhesabu majani.

Jani la kwanza lilipotoka, mzee alikuwa akimwagilia mwenyewe kwa kopo. La pili likamkuta kitandani, kifua kimembana. La tatu lilipofunguka aliinuka, lakini mlango wa banda hakuutafuta tena, wala hakuuliza juu yake. Kwenye la nne alishindwa vifungo vya shati. Mama Tango aliyaamkia matango yale kila alfajiri na kuyabembeleza yafanye haraka, maana alikuwa hajasikia neno mwenzangu kwa wiki tano, na alijua kwamba anakimbizana na kitu kisichochoka.

Jani la tano likaja asubuhi moja, dogo, lenye manyoya laini. Alimshika mumewe mkono, akamketisha kwenye kigoda mbele ya tuta, akangoja. Mikono ya mzee ilibaki juu ya magoti. Mkewe akauchukua wa kulia, akalipeleka dole gumba kwenye kichwa cha mche wa kwanza, na hapo ndipo alipoona kwamba ukucha haupo. Alikuwa ameukata mwenyewe wiki iliyopita, pamoja na zile nyingine, kwa sababu mzee alikuwa akijikuna mpaka damu. Aliukata bila kufikiri, kama unavyomkata kucha mtoto. Dole likateleza kwenye jani, likarudi gotini.

Alisema basi, atakata yeye. Aliinama, akaweka ukucha wake juu ya jani la tano. Mkono wa mumewe ukamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo hakujua kama bado zimo.

"Usikate kichwa, mama," alisema. "Utaua mche."

"Haya ni yale ya zamani, mzee wangu. Haya yanakatwa."

Mzee alitikisa kichwa. Alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu asiyejua kazi lakini hana ubaya.

"Ni ya mwenzangu haya," alisema. "Ameyalea mwenyewe tangu mbegu. Akirudi akayakuta yamekatwa, atalia."

Mama Tango akauliza, "Yuko wapi mwenzako?"

"Ameenda sokoni. Hachelewi."

Aliuondoa ukucha wake kwenye shina.

"Basi sikati," alisema.

Mzee akamwachia mkono, akashukuru. Mama Tango alivuta kigoda cha pili, akaketi kando yake, wakamngoja.