Chuku Asubuhi, Nikahi Alasiri

Cheka tu, ndugu yangu, maana nisipokuhadithia mimi atakuhadithia mdogo wangu Juma, naye mkono wake wa chumvi ni mzito. Aibu hii ilinipata hapa hapa Msambweni, siku ya kumuoza binti yangu Mwanasha, mbele ya wakwe kutoka Diani, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu.

Wakati ule nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mishipa ya moyo wangu imekuwa myembamba. Daktari alinieleza taratibu: katika damu mna vijichembe (yeye aliviita chembe sahani) ambavyo kazi yake ni kukimbilia penye jeraha, vishikane, vizibe. Kwa mgonjwa kama mimi hushikana hata mahali pasipotakiwa, na vikishikana ndani ya mshipa wa moyo, buriani. Nikajisemea, kumbe ndani yangu mna watu wa ukoo wetu, wasiongoja mwaliko! Akanipa vidonge vya kuvilegeza, akanionya nijihadhari sana na kukatwa, nami nikaitikia vizuri (kuitikia sijawahi kushindwa).

Siri hiyo aliijua mke wangu peke yake. Niliogopa wakwe watasema moyo mbovu ni wa ukoo, waghairi, mwanangu abaki na hina mikononi. Tena nilitaka nimuoze kwa kinywa changu mwenyewe, si kumpa uwakala Juma, ambaye tangu utotoni hujiona yeye ndiye mwenye sauti.

Basi Ijumaa asubuhi baba wa bwana harusi, Mzee Bakari, aliyekuwa amelala kwetu, akaniambia, "Mkwe mwenzangu, siku kubwa kama hii twende tukapigwe chuku, tutoe damu mbovu, mwili uwe mwepesi." Ningeweza kusema nina shughuli, na baba wa bibi harusi kweli hakosi shughuli, lakini nikaona nikikataa atanishuku, nikaenda.

Fundi wa chuku, mtu makini, akashika wembe akaniuliza, "Baba, kuna dawa yoyote unayokunywa?" Na Mzee Bakari ameketi mkeka ule ule, masikio wazi.

"Dawa? Mimi hata kidonge cha kichwa sikijui ladha yake!"

Akanichanja, akanibandika pembe mgongoni. Damu ya Mzee Bakari ilikauka kabla hajavaa shati, yangu ikaendelea na safari. Fundi akapaka asali, akafuta, akapaka tena. "Mbona yako ina haraka?" Nikamwambia ni ya ujana. (Umri wangu alikuwa akiuona kichwani, ila alikuwa na adabu.) Nyumbani nikajifunga kikoi kifuani, nikavaa kanzu juu yake, nikawa najipa moyo kwamba itakoma, na kila nilipojigusa mgongo haikuwa imekoma.

Alasiri nikaswali safu ya mbele, kama baba. Imamu alipotoa salamu tu, nikasikia nyuma yangu sauti ya Mzee Bakari: "Subhanallah! Mkwe, nani amekuchoma kisu?"

Msikiti mzima ukasimama. Doa lilikuwa limefika kiunoni. Wengine wakatafuta muuaji, na uani kwa wanawake habari zikafika kwamba baba wa bibi harusi amechinjwa, vigelegele vikageuka kilio. Imamu, Mungu amrehemu, hakutafuta muuaji, aliitazama mikeka yake. "Mtoeni nje haraka, damu ni najisi!" Nikabebwa, nikalazwa kifudifudi barazani, watu wakanikandamiza kwa vilemba vyao vya harusi, na Juma akainama sikioni, "Kaka, nipe uwakala nimuoze mimi, wewe hujiwezi."

Hapo nikashikwa na hofu ya kweli. Si ya kufa, ni ya Juma.

"Ni dawa ya moyo!" nikapiga kelele. "Nina maradhi ya moyo, nakunywa dawa ya kulegeza damu, basi!"

Kisha Mzee Bakari akacheka mpaka akakaa chini. "Ni hilo tu? Tangu posa mnanong'onanong'ona, sisi tulidhani mna wazimu katika ukoo, na bado tulikubali!"

Imamu akaja barazani na bwana harusi. Nilimuoza mwanangu nikiwa nimelala hivyo hivyo, mkono wangu ndani ya mkono wa kijana ambaye uso wake sikuuona, niliona vidole vya miguu tu. "Nimekuoza binti yangu Mwanasha..." Nikamalizia nikilia, na watu wakadhani ni maumivu. Aliposema "Nimekubali" ndipo nikakubali kupelekwa hospitali.

Kwa hiyo nakuusia: ukiwa na maradhi, yaseme mapema, ungali umeketi kitako. Mtu akioza mtoto kifudifudi huona haya kuwahadithia wajukuu, na mimi wajukuu ninao, na wote bibi yao ameshawahadithia.