Neno Walilomsomea Mama

Neno ufisadi nililikuta kijijini kwetu Ruanda, huko Mbozi, zamani za Waingereza, kabla halijahamia kwa wezi wa mali ya umma. Enzi hizo fisadi alikuwa mzinzi, mtu wa kuharibu wake za watu. Mwalimu wetu, aliyewahi kukaa pwani, alitueleza kwamba limetoka kwa Waarabu, na kwao ni kuharibika tu, hata chakula kikioza. Nililipenda. Nilikuwa msichana wa darasa la nne mwenye kujiona, na maneno makubwa ya Kiswahili ndiyo yaliyokuwa mapambo yangu.

Mwaka huo baba alikufa kwa homa. Kwa desturi yetu Wanyiha, mdogo wake akamrithi mama. Akaezeka nyumba upya, akatulimia ulezi, nasi watoto tukamwita baba. Mimi sikuona kilichooza hapo. Tulikuwa tunashiba.

Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama akasoma karatasi kwa Kiswahili: mama ametengwa na meza ya Bwana kwa ufisadi. Hakuna aliyekuja kumwonya kabla. Na mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Alisikia jina lake, akatabasamu.

Njiani akaniuliza kwa Kinyiha, "Mwanangu, wamesema nini juu yangu?"

Nilijua neno lile, maana yake na lilikotoka.

"Wamekushukuru kwa ulezi uliotoa wakati wa mavuno, mama."

Wiki nzima aliimba shambani. Kila asubuhi niliapa kumwambia, na kila asubuhi niliogopa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya ushirika wa meza ya Bwana. Mama alijifunga kitambaa cheupe kichwani, akaenda mbele na wenzake, akapiga magoti. Mzee alipomfikia alikirudisha kikombe nyuma, akasema kwa Kinyiha, kanisa zima likisikia, "Toka hapa. Si ulisomewa?"

Mama hakumtazama. Aligeuka akanitafuta mimi kwenye benchi la watoto, mpaka akaniona.

Wazee wale nimewachukia maisha yangu yote, na wanastahili. Lakini aliyemwacha mama aende kupiga magoti pale ni mimi. Hakunigombeza hata mara moja. Ila tangu siku hiyo, barua ikija nyumbani, aliikunja akaipeleka kwa jirani asomewe, nami nimekaa pale pale jikoni.