Kamusi Yangu Iliyomeza Majina

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nishajicheka. Mwalimu Mwanaisha, anayetufunza kompyuta hapa Kisauni na ambaye huniita Fundi, alinipa kazi ya kuandika programu ya majina ya wanafunzi watakaokwenda Shanzu kuona kompyuta za hoteli. Asiyesomwa jina, haendi.

Orodha ya kawaida ingetosha, kwani hupokea kila jina. Mimi nikataka makuu, nikatumia kamusi, aina ya orodha ya kompyuta ambamo kila jina hukaa mara moja tu. Likija tena, la mwisho hufuta la mwanzo. Nikasahau kwamba huku kwetu kila nyumba humpa mtoto jina la babu yake.

Asubuhi, mlangoni mwa basi, Mwalimu akasoma: "Salim Omari, kidato cha kwanza!" Kijana akapanda.

Salim Omari wa kidato cha tatu akalalama, "Na mimi je, Mwalimu?"

"Panda, nafasi ipo. Fundi, jioni tutaiandika programu yako upya pamoja, kwa nambari ya kila mwanafunzi. Lakini mbona nawe wasimama chini?"

"Sijasomwa, Mwalimu."

"Kwani jina lako hasa nani?"

Nikainamisha kichwa. Basi zima likanijibia: "Salim Omari!"