Kodi ya Njia Nne ya Wenceslaus Bundala

"Jumatatu ya Pasaka hao wanamuziki wa Mwanza watarudi kwao kwa miguu. Treni wataionea aibu!"

Maneno hayo aliyasema Wenceslaus Bundala, mpiga gitaa la solo wa Miombo Jazz, akiwa amesimama juu ya benchi katika ukumbi wa Ng'ambo, Tabora, mbele ya watu wasiopungua mia, tena bila kulewa. Hilo la kutokulewa ndilo lililomponza baadaye, maana mlevi husamehewa. Akaongeza kwamba ana kodi moja mkononi, mkamato wa nyuzi ambao tangu Bagamoyo hadi Ujiji, njia yote aliyoitembea babu yake na jino la ndovu begani, hakuna kidole kilichowahi kuukamata. Watu wakapiga makofi. Tabora ukimtaja babu yako mpagazi hukosi makofi. Ajabu ni kwamba babu wa kila mtu alibeba jino. Hujasikia hata mmoja ambaye babu yake alibeba sufuria.

"Hiyo kodi tutaisikia lini?" akauliza Sajini Lugembe, kiongozi wa bendi, aliyerudi kutoka vita vya Burma na kofia moja na sauti ya amri, na ambaye sasa alipiga besi.

"Siku hiyo hiyo, Sajini."

"Mimi kiongozi niisikie siku moja na wauza karanga?"

"Mganga hatangazi dawa yake sokoni."

Ukumbi ukacheka. Lugembe hakucheka. "Vizuri," akasema. "Ukituaibisha mbele ya wageni, kiti cha solo unakiacha. Mashahidi ni hawa hawa wanaokuchekea."

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, mguu mmoja mfupi. Lakini Wenceslaus, Jumatatu hadi Ijumaa, alipima nta katika ghala la mfanyabiashara mmoja karibu na stesheni, na huko jina lake lilikuwa "wewe wa mizani." Jumamosi tu, akiwa kwenye kile kiti, ndipo watu walipomwita Wenceslaus Bundala, majina yote mawili, na wanawake wakayatamka taratibu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kiti kikiondoka, zilibaki mizani.

Kodi ilikuja na treni. Katika behewa la chakula la treni ya Kigoma alikuwamo mhudumu Mgoa, mtu wa asili ya Goa kule Uhindi, jina lake Kaitano, ambaye akiwa Dar es Salaam alipiga gitaa kwenye klabu ya Wagoa wenzake. Tabora treni ilikaa karibu saa nzima, injini inakunywa maji, mabehewa ya Mwanza yanafunguliwa. Katika saa hiyo Kaitano alishuka na aproni yake nyeupe, akakaa juu ya magunia ya barua, akamfundisha Wenceslaus kwa malipo ya mkebe mmoja wa asali.

"Weka vidole hivi," alimwambia siku ya kwanza. "Piga."

Ilitoka sauti ya mtu aliyeitwa jina gizani na hajui aliyemwita.

"Sasa sogeza mkono wote, vyuma vitatu juu kwenye shingo. Piga."

"Mbona ni ile ile?"

"Ni ile ile. Sauti nne zile zile, zimebadilishana viti tu. Sogeza tena vitatu. Ile ile. Tena vitatu. Umeona? Inaitwa diminishi. Kodi zako zote zina kwao. Hii haina kwao. Ni kama stesheni hii. Ukishafika Tabora, unaweza kwenda Dar, unaweza kwenda Mwanza, Kigoma, hata Mpanda."

"Mpanda watu wanageukia Kaliua, Bwana Kaitano."

"Nani anafundisha hapa?"

Safari iliyofuata alipewa ngazi ya sauti ya kodi hiyo: unapanda vyuma viwili, kisha kimoja, viwili, kimoja, mpaka umehesabu sauti nane na kurudi ulikotoka. Wenceslaus aliogopa kuisahau kabla hajafika nyumbani, basi akaitia miguuni. Akatembea toka stesheni mpaka Ng'ambo hatua ndefu, hatua fupi, ndefu, fupi, huku watu wakimpa pole njia nzima. Mkewe, Imakulata, alimtazama tangu kwenye kona.

"Umetoka hapa mzima, unarudi unachechemea. Treni imekukanyaga?"

"Ni muziki huu, mke wangu. Ni kodi."

"Kodi moja tu ya serikali inatutoa jasho kila mwaka, wewe umekwenda kutafuta ya pili?"

Safari ya tatu ndiyo iliyomharibu. Kaitano alimweleza kwamba katika kila wimbo, karibu na mwisho, ipo kodi inayokuvuta urudi nyumbani. "Iondoe hiyo. Mahali pake weka diminishi, chuma kimoja juu yake. Itamshikia mwenzake zamu." Wenceslaus akajaribu kwa wimbo wa Miombo Jazz ambao wameupiga miaka mitano kwa kodi tatu, mpaka mbwa wa Ng'ambo wanaujua. Akaondoa, akaweka. Nyumbani ni kule kule, lakini sasa amefika kama mtu aliyepotea njia siku nzima, akaona moshi wa jiko la mama yake.

Filimbi ikalia. Kaitano akainuka, akapangusa aproni. "Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa. Usiipige mbele za watu kabla sijakwambia. Alhamisi nikipita."

"Alhamisi Kuu?"

"Hiyo hiyo."

Alhamisi Kuu Wenceslaus alikuwa stesheni na gitaa mkono mmoja, asali mkono wa pili. Treni ikaja. Kutoka behewa la chakula akashuka mtu mwingine, mwenye masharubu na sufuria ya maji machafu.

"Kaitano? Amehamishiwa njia ya Tanga."

"Hakuacha neno?"

"Ameacha soksi moja. Unaitaka?"

Alisimama pale mpaka treni ikagawanyika, kipande kikaenda Mwanza, kipande kikaenda Kigoma. Cha kwenda Tanga hakikuwapo.

"Basi usiipige," Imakulata alimwambia jioni ile. "Piga zile tatu zenu. Watu wanazicheza vizuri tu."

"Nimeshasema mbele za watu."

"Kusema si kuapa."

"Kwa midomo ya Tabora ni kitu kimoja."

"Basi nenda kwa Sajini umwoneshe. Ni nyumba ya pili."

Alikwenda kweli. Alifika uani kwa Lugembe, akamsikia ndani anaipangusa besi yake huku akiimba kwa pua, akakumbuka lile neno la mganga na sokoni. Akarudi. Alijiambia bado siku tatu. Mtu akitaka kuangamia kalenda humsaidia sana.

Dansi la Jumatatu ya Pasaka lilianza saa kumi alasiri. Wa Mwanza walipiga kwanza, wamevaa tai zote rangi moja, wakapiga safi, kama watu waliokula. Miombo Jazz wakapanda. Nyimbo mbili za mwanzo zilikwenda salama. Ya tatu ilikuwa ya Mayala.

Huyu Mayala alikuwa mwimbaji, mtoto wa wafugaji wa Puge, na sauti yake ilitengenezwa kwa kuita ng'ombe waliovuka mbuga. Jina la sauti yoyote ya muziki hakulijua. Desturi yake ilikuwa kufumba macho, kuelekeza sikio kwenye gitaa la solo, na chochote gitaa litakachompa mwisho, hapo hapo anaingilia. "Kaka, nipe sauti," ndivyo alivyosema kila mara. Miaka mitano hakukosea hata siku moja, na bendi nzima ilimfuata yeye na gitaa kama ndama.

Wenceslaus aliijua desturi hiyo kama anavyolijua jina lake. Lakini ile kodi aliifikiria kama kofia yake mpya. Hakuwaza kwamba kuna wengine watakaotakiwa kuivaa.

"Kaka, nipe sauti."

Akampa diminishi.

Mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu." Kwa urefu wa pumzi moja Wenceslaus alikuwa na yote aliyojisifia. Kisha Mayala akaingia, vyuma vitatu juu ya pale wanapoingilia siku zote, sauti imepaa kana kwamba ng'ombe wake leo wako Shinyanga. Lugembe na besi yake wakaenda nyumbani kwa zamani. Mpiga kodiani, mtu mpole asiyependa ugomvi, akatafuta pa kuwapatanisha, akaangukia mahali pa tatu. Mmoja Mwanza, mmoja Dar, mmoja Kigoma, na Wenceslaus kabaki stesheni ameshika kibendera.

Akasema moyoni: niwape kodi nyingine, niwakusanye. Mkono ukaruka vyuma vitatu. Ile ile. Akaogopa, akaruka vitatu tena. Ile ile. Kodi za kawaida alizozipiga tangu ujana zilikuwa zimemtoka kichwani zote, kama watu waliosikia moto, na kila alipokimbilia alimkuta yule yule aliyemkimbia. Wachezaji wakaanza kuachana mikono, jozi baada ya jozi. Mayala, macho kafumba, aliendelea kuimba kwa imani mpaka ubeti wa mwisho. Wa Mwanza walipiga makofi ya adabu. Heri wangezomea.

Nje, nyuma ya ukumbi, Mayala alimshika shati.

"Kaka, ulinipa sauti, nikaipokea. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Mbona wamenicheka mimi?"

Aliyeweza kumjibu alikuwa Tanga.

Lugembe alimpa Jumamosi moja zaidi, kwa heshima ya miaka mitano. "Kodi tatu," alimwambia. "Ukitia ya nne, umejitoa mwenyewe, mimi sijakufukuza."

Wenceslaus akaapa, na kwa kuwa safari hii hakujiamini, alichukua uzi uliopakwa nta pale ghalani, akafunga kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kile cha pete pamoja, kwa sababu diminishi yataka vidole vinne. Imakulata ndiye aliyekaza fundo.

"Umefungwa kama kuku wa mnada," akasema.

"Kaza."

Saa nzima ya kwanza alipiga vizuri. Watu walicheza, na mmoja alimwita kwa majina yote mawili. Kisha wimbo ukafika pale karibu na mwisho, pale panapokuvuta nyumbani, na ile kodi ya kawaida ilipomjia ilikuwa kama mchuzi wa mgonjwa. Hakuamua. Angeulizwa mahakamani angeapa kwamba hakuamua. Vidole viwili vilivyobaki vilikwenda vyenyewe vikaipata nusu yake, na nusu ilitosha. Mayala alifumbua macho katikati ya wimbo. Katika miaka mitano hakuwahi.

Lugembe hakuusimamisha wimbo. Alingoja uishe, akaiegemeza besi ukutani, akamwambia Wenceslaus, "Inuka," akakibeba kile kiti mwenyewe.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka Korogwe, kwa penseli. Kaitano aliomba radhi kwa kuondoka ghafla, akasifu asali, halafu akaandika: *Lile jambo kubwa ni hili. Hiyo kodi haipigwi na mtu mmoja. Mwenye besi lazima abaki kwenye sauti ya ile kodi uliyoiondoa, aishike, asitikisike. Yeye akibaki pale, wote watasikia nyumbani ni wapi. Mwoneshe yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote.*

Wenceslaus aliisoma mara mbili juu ya mizani, kisha akaenda nayo ile nyumba ya pili, mbio, bila kuvua aproni ya kazi.

Lugembe aliisoma huku midomo ikicheza. Akaileta besi uani, akauvuta ule uzi mnene, akaikalia ile sauti ya zamani kama mlinzi wa ghala. "Haya, piga."

Wenceslaus akapiga, na kodi ikakaa. Ilikuwa na kwao. Mke wa Lugembe aliacha kutwanga, mchi hewani. Walirudia mara tatu bila kutazamana.

"Tamu," Lugembe akasema mwishowe. "Kumbe ilikuwa inanitaka mimi."

"Ndiyo, Sajini."

"Nawe ulikuwa nayo kwaresima nzima, hatua arobaini toka mlango wangu."

"Ndiyo, Sajini. Nisamehe. Sasa tunaijua, na kile kiti..."

"Kiti sasa anakikalia Bernardo, mpiga solo mpya." Lugembe aliikunja barua vizuri, akamrudishia. "Bernardo ana kodi tatu na hataki ya nne. Lakini kizuizi si yeye. Ni Mayala. Amesema siku utakayopanda wewe, yeye anarudi Puge kuchunga. Anasema hawezi tena kufumba macho."

"Nitamweleza. Nitampigia hivi hivi tulivyopiga."

"Nimemweleza mimi, kabla ya barua hii, kwamba ulikuwa bado unajifunza. Ameniuliza: kama alikuwa anajifunza, kwa nini alijifunzia kwangu?" Lugembe akatazama chini. "Gitaa nitapata mwingine, Wense. Lile koo sitalipata. Ungekuwa wewe kiongozi, ungemwacha nani aende?"

Wenceslaus alijua jibu, na lile jibu lilikuwa sahihi, na hakuwa na kodi ya kuliondoa.

Jumamosi alikwenda ukumbini kama mtu anayepita tu. Mlangoni alikaa Mfaume, ambaye miaka mitano alikuwa akimpisha na kumbebea gitaa. Ndani Bernardo alikuwa anamaliza kitangulizi, kodi tatu, safi, kila moja mahali pake. Mayala akaingia bila kusita.

"Mfaume, habari za jioni."

"Nzuri, kaka. Za nyumbani?"

"Salama. Nataka kusikiliza kidogo tu."

Mfaume alitazama pembeni, akakohoa, akanyoosha kitabu cha tiketi juu ya goti.

Kiingilio kilikuwa shilingi moja na senti hamsini.