Zamu ya Kwanza na Glavu Zangu

Jumapili ile sikutulia tangu asubuhi. Kanisani nilisimama wakati wenzangu wanakaa, mume wangu akanivuta gauni. Alijua sababu. Mchana timu yetu ya wanawake wa hapa Ruashi ilikuwa ikutane nyumbani kwa kapteni, na neno la siku hiyo lilinihusu mimi, golikipa wao, kuliko mtu mwingine yeyote.

Mtaani kwetu msimu ukianza, wasichana wapya hawajiendei tu kwenye timu wanayoipenda. Husimama uwanjani, timu zikawachagua kwa zamu, na iliyoshika mkia msimu uliopita huchagua kwanza. Mkia tuliushika sisi, tena kwa mikono miwili. Na wa kuchaguliwa kwanza alijulikana hata na wauza mikate: binti aliyehamia na wazazi wake kutoka Kambove, mwenye mguu wa kushoto unaoupinda mpira kona anayotaka. Lakini timu iliyochukua kombe ilituletea ombi. Tuwaachie zamu yetu ya kwanza, nao watupe golikipa wao, mwanamke mrefu aliyekomaa, ambaye kumfunga ni kazi.

Tukikubali, glavu zangu zinakwenda kwake. Nimekaa golini tangu sijazaa. Wanangu wamejifunza kutembea nyuma ya goli langu. Goti la kulia linalia kila nikichuchumaa, sawa, lakini ni goti langu. Jumapili jioni ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita mama wala kuniuliza bei ya mboga. Saa hiyo sikutaka kumpa mtu.

Sisi hatupigi kura. Kapteni husonga bukari, ugali wetu, sahani kubwa inawekwa katikati na sombe ya majani ya muhogo kando yake, na anayemega ndiye aliyekubali. Mmoja akikataa kumega, neno limekufa, chakula kinarudi jikoni. Aliyeanzisha desturi hii simjui. Labda ni mtu aliyechoka kutusikia tukibishana.

Nilisema sana. Nilisema tusiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba golikipa wa watu atakuja na maringo yake. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena kufunga dirisha ingawa hapakuwa na upepo.

“Mutoto wa mguu kama ule,” nikawaambia, “tutamupata wapi tena?”

Mshambuliaji wetu, ambaye hafungi mdomo hata usingizini, alikuwa anachunguza kucha zake. Nikafurahi. Nikadhani nimewashinda.

Bukari ikaacha kutoa moshi, ikaanza kuota ngozi juu. Nikawatazama mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipoona kwamba wote walikuwa wameshanawa. Mikono mikavu ilikuwa yangu peke yangu.

Kapteni, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi na huniita dada mkubwa, akasema polepole, “Yaya, bukari inakuwa baridi. Shiye tunangojea weye tu.”

Mkubwa ndiye huanza kumega, na hakuna hata mmoja ambaye angenivunjia heshima hiyo. Hasira ilinipanda, hasira ya kweli, juu ya adabu yao iliyoniachia nijitoe mwenyewe. Afadhali wangenifukuza. Ningeweza kukataa, sahani ingerudi jikoni, na Jumapili inayofuata ningesimama golini nyuma ya watu waliolala na njaa kwa ajili yangu.

Nikaomba maji. Kapteni akachukua birika, akanimwagia taratibu, kama anavyomwagiwa mgeni. Iliniuma kuliko goti.

Nikamega tonge dogo, nikalichovya kwenye sombe. Kabla sijalifikisha mdomoni, mikono yote ikaingia sahanini kwa pamoja.